Chumvi Iliyojificha Ndani ya Mnato: Kisa cha Mafungu Mawili ya Karajinani

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika maabara ndogo ya chuo kimoja cha pwani ya Afrika Mashariki. Majina ya chuo, kijiji, ushirika na watu wote waliohusika yameondolewa, na namba zimekadiriwa kwa kiwango ambacho hakibadilishi hoja.

Ushirika wa wakulima wa mwani, wengi wao kina mama, ulikuwa umeuliza swali moja: je, mwani unaoanikwa mchangani huharibika kuliko ule unaoanikwa juu ya vichanja? Swali hilo lilikuwa na gharama nyuma yake, kwa sababu vichanja vinahitaji miti, nyavu na nafasi, na ushirika haukutaka kuchangishana fedha bila kujua faida yake. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu wakati huo ushauri kuhusu kuanika umetolewa mara nyingi kwa kuangalia rangi na unyevu tu. Safari hii chuo kiliamua kutazama molekuli yenyewe.

Mwani uliohusika ni ule unaoitwa kotonii, ambao kitaalamu ni Kappaphycus alvarezii. Ndani yake mna polima iitwayo kapa-karajinani, mnyororo mrefu wa sukari aina ya galaktosi ambao hutumika viwandani kuzigandisha na kuzitia uzito bidhaa za maziwa, nyama na dawa ya meno. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili alipewa kazi ya kutoa karajinani kutoka mafungu mawili ya mwani, fungu A lililoanikwa kwenye kichanja na fungu B lililoanikwa mchangani, kisha apime kama minyororo ya fungu B ilikuwa imekatika na kuwa mifupi. Njia aliyoichagua ilikuwa ya bei nafuu na yenye heshima ya muda mrefu: kupima mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyokataa kutiririka, wa mimumunyo hafifu.

Jinsi kipimo chenyewe kinavyofanya kazi

Molekuli ndefu iliyomo ndani ya maji hujikunja kama uzi uliotupwa ovyo, na katika kujikunja huko hubeba maji mengi yanayozunguka pamoja nayo. Kadiri mnyororo unavyokuwa mrefu, ndivyo bonge hilo linavyokuwa kubwa na ndivyo linavyozuia mtiririko. Hermann Staudinger, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1953, ndiye aliyeufanya uhusiano huu wa urefu na mnato kuwa chombo cha kupimia uzito wa molekuli.

Kiutendaji, mmumunyo huachwa ushuke ndani ya mrija mwembamba wa kioo wa viskometa, chombo cha kupimia mnato, na muda wake hulinganishwa na muda wa kiyeyushi kitupu. Uwiano wa muda hizo mbili, ukitolewa moja, huitwa mnato mahususi. Mnato mahususi ukigawanywa kwa ukolezi hupatikana namba inayoeleza mchango wa kila gramu ya polima, na namba hiyo huchorwa kwenye grafu dhidi ya ukolezi. Kwa polima isiyo na chaji, nukta hukaa juu ya mstari ulionyooka unaoteremka taratibu kadiri mmumunyo unavyozimuliwa, na pale mstari unapokata mhimili wima, ambapo ukolezi ni sifuri na kila molekuli iko peke yake, ndipo unaposomwa mnato wa asili wa polima hiyo. Mteremko wa mstari hutoa namba nyingine, ile ya Huggins, ambayo katika kiyeyushi kizuri huwa karibu na 0.3 hadi 0.4. Msomaji aikumbuke namba hii, kwa kuwa ndiyo iliyopiga kelele mapema na haikusikilizwa.

Utaratibu wote huo umejengwa juu ya dhana moja isiyotamkwa: kwamba molekuli haibadiliki umbo unapoongeza maji.

Yaliyotokea

Mwanafunzi alianza na maji yaliyokenekwa, kwa hoja kwamba maji safi ndiyo kiyeyushi kisicho na mambo mengi. Alitayarisha mimumunyo ya ukolezi wa gramu 0.10, 0.05 na 0.025 kwa desilita, akaipima katika beseni la maji lililodhibitiwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa fungu A, mnato kwa kila uniti ya ukolezi ulikuwa desilita 19 kwa gramu, kisha 26, kisha 34. Kwa fungu B ulikuwa 13, 17 na 22. Yaani kadiri alivyozimua, ndivyo mchango wa kila gramu ulivyopanda. Mstari ulikwenda kinyume na ulivyoelezwa darasani.

Alipima tena, akapata vilevile. Alipoongeza nukta moja ya chini zaidi, gramu 0.005 kwa desilita, thamani ilishuka ghafla. Nukta hiyo aliifuta, akaandika katika daftari kwamba ni kosa la pipeti.

Baada ya hapo alilazimisha mstari ulionyooka kupita katikati ya nukta tatu zilizobaki za kila fungu. Fungu A lilitoa mnato wa asili wa karibu 38, na fungu B karibu 24. Namba ya Huggins ilikuwa hasi kwa mafungu yote mawili. Hata hivyo tofauti kati ya A na B ilikuwa kubwa, ilijirudia kila alipopima, na ilikubaliana na kile ambacho kila mtu alitarajia: mchanga na jua la moja kwa moja vimeukata mnyororo kwa zaidi ya theluthi. Rasimu ya ripoti iliandikwa, na ndani yake lilikuwamo pendekezo kwamba ushirika ujenge vichanja bila kuchelewa.

Rasimu haikutumwa, na sababu yake haikuwa ukaguzi rasmi wowote. Fundi sanifu wa maabara, mtu mzima aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, alikuwa akisafisha kipimo cha upitishaji umeme, akakitumbukiza katika chupa mbili zilizokuwa zimeachwa mezani. Mmumunyo wa B ulipitisha umeme zaidi ya mara mbili ya ule wa A, ilhali ukolezi wa karajinani ulioandikwa kwenye chupa ulikuwa uleule. Alimwambia msimamizi wa mwanafunzi kwa maneno machache: “Mwalimu, hapa hatupimi mwani, tunapima chumvi.”

Maamuzi, na sababu zake

Msimamizi aliamua kusimamisha ripoti na kurudia vipimo vyote ndani ya maji yenye chumvi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini utekelezaji wake wa kwanza ulikwenda mrama. Chumvi iliyokuwa karibu kwenye rafu ilikuwa kloridi ya potasiamu, ile inayotumika kuhifadhia elektrodi za kupimia asidi, nayo ikatumika kwa ukolezi wa moli 0.1 kwa lita. Mimumunyo ikawa na mabonge ya utelezi, muda za kushuka zikatofautiana kutoka kipimo hadi kipimo, na mara mbili mrija wa viskometa ukaziba. Hapana la kushangaza hapa kwa anayeijua kapa-karajinani: ioni za potasiamu, yaani chembe zake zenye chaji, huifanya minyororo isokotane na kushikamana, na ndiyo maana hasa viwanda huziongeza pale vinapotaka jeli. Chumvi ambayo ni kinga kwa polima moja yaweza kuwa gundi kwa nyingine.

Siku iliyofuata walitumia kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya kawaida, kwa ukolezi uleule, wakapima upya muda wa kiyeyushi chenyewe badala ya kutumia ule wa maji matupu, na kila walipozimua walitumia maji yenye chumvi ileile. Nukta zikakaa juu ya mistari iliyonyooka. Namba ya Huggins ikawa karibu 0.4 kwa mafungu yote mawili. Mnato wa asili wa A ukawa 5.0 na wa B ukawa 4.4.

Hapa palikuwa na kishawishi cha pili, nacho naona kilikuwa cha hatari kuliko cha kwanza. Mistari ilikuwa mizuri. Tofauti ya asilimia 12 ilikuwa ndogo kuliko ile ya awali lakini bado ilielekea upande uliotarajiwa, na mwanafunzi alikuwa tayari kuandika kwamba kuanika mchangani hukata mnyororo “kwa kiasi”. Msimamizi aliuliza swali moja tu: gramu zilizopimwa kwenye mizani zilikuwa gramu za nini?

Daftari lilijibu. Karajinani ilikuwa imegandishwa na kutolewa katika maji kwa ethanoli, kisha ikaoshwa kwa ethanoli iliyozimuliwa. Fungu A lilioshwa mara tatu. Fungu B lilioshwa mara moja, kwa sababu ethanoli ilikuwa imekwisha na dramu jipya halikuwa limefika. Chumvi iliyonaswa katika fungu B ilipimwa mizani pamoja na polima na kuhesabiwa kuwa polima. Juu ya hilo, unga wa mafungu yote mawili ulikuwa umefyonza unyevu wa hewa ya pwani, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na unyevu huo pia ulihesabiwa.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kuyapitisha mafungu yote mawili katika njia moja isiyo na upendeleo. Mimumunyo iliwekwa ndani ya mifuko ya utando unaopitisha ioni na kuzuia polima, ikazamishwa kwanza katika maji yenye kloridi ya sodiamu ili potasiamu na kalsiamu zibadilishwe, kisha katika maji yaliyokenekwa yaliyobadilishwa mara kwa mara hadi upitishaji umeme wa maji ya nje ukaacha kupanda. Polima ilikaushwa hadi uzito usiobadilika, ikapimwa, ikayeyushwa upya katika kloridi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita. Sehemu ndogo ya fungu A ilichemshwa kwa makusudi kwa saa moja katika maji yenye asidi ya pH 3, ili kuwe na sampuli ambayo kila mtu anajua kwamba minyororo yake imekatika.

Matokeo

Fungu A lilitoa mnato wa asili wa desilita 5.7 kwa gramu, na fungu B 5.6. Vipimo vitatu vya sampuli moja vilikuwa vikitofautiana kwa takriban asilimia 3, hivyo tofauti kati ya mafungu hayo haikuwa na maana yoyote. Sampuli iliyochemshwa katika asidi ilitoa 2.3. Kipimo kilikuwa na uwezo wa kuona mnyororo uliokatika, na katika fungu B hakikuona.

Uchambuzi: kwa nini maji safi yalidanganya

Kapa-karajinani hubeba kundi moja la salfeti katika kila jozi ya sukari, na kila kundi lina chaji hasi moja. Urefu wa jozi hiyo kwenye mnyororo ni kama nanomita moja. Mnyororo wenye mamia ya chaji za aina moja zilizopangwa kwa ukaribu huo hauwezi kujikunja kwa raha, kwa kuwa kila sehemu yake inaisukuma nyingine. Kinachopunguza msukumano huo ni ioni zilizo ndani ya maji, ambazo hujikusanya kuzunguka mnyororo na kuficha chaji zake. Umbali ambao chaji moja huweza “kuonekana” na nyingine huitwa umbali wa Debye. Katika chumvi ya moli 0.1 kwa lita umbali huo ni karibu nanomita 1. Katika chumvi ya moli 0.001 ni karibu nanomita 10, na katika maji yaliyo safi kabisa huwa mrefu zaidi ya hapo kwa mbali.

Sasa tuutazame mmumunyo usiotiwa chumvi. Ioni pekee zilizopo ni zile za sodiamu au potasiamu zilizokuja na polima yenyewe. Mwanafunzi anapoongeza maji anazimua polima, lakini anazimua pia ioni hizo. Pazia linapungua, msukumano unafika mbali zaidi, na mnyororo unajinyoosha. Molekuli iliyonyooka huzuia mtiririko kuliko iliyojikunja, kwa hiyo mchango wa kila gramu hupanda. Alidhani anaikaribia hali ya molekuli moja iliyo peke yake. Kumbe katika kila hatua alikuwa na molekuli yenye umbo jipya. Raymond Fuoss na Ulrich Strauss wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza tabia hii mwaka 1948, na Fuoss alitoa mlinganyo wenye kipeuo cha pili cha ukolezi ambao hunyoosha mkunjo huo kwenye karatasi. Nukta za fungu A zinautii mlinganyo huo vizuri. Lakini kuutii mlinganyo wa kimajaribio si sababu ya kuichukua namba inayotokea kwenye ukolezi wa sifuri kuwa kipimo cha urefu wa mnyororo, kwa kuwa namba hiyo inatokana na kuvuta mkunjo hadi mahali ambapo maumbile yenyewe hubadilisha mwelekeo.

Ile nukta iliyofutwa ilikuwa ikionyesha mabadiliko hayohayo. Maji ya mtungi wa kukenekea si matupu: hufyonza kaboni dioksidi ya hewa, na huchukua ioni chache kutoka kwenye vyombo. Polima inapokuwa hafifu mno, ioni hizo ndogondogo za maji huwa nyingi kuliko zile za polima, pazia halipungui tena hata ukizimua zaidi, na mchango wa kila gramu huanza kushuka. Kilele hicho kinajulikana kwa polima nyingi zenye chaji. Pipeti haikuwa na kosa.

Hesabu ya chumvi ya fungu B inafaa kufanywa waziwazi, kwa sababu inaonyesha jinsi kiasi kidogo kinavyotosha. Uniti moja ya kapa-karajinani yenye chaji moja ina uzito wa karibu gramu 400 kwa moli. Katika lita moja yenye gramu moja ya polima kuna basi milimoli 2.5 za chaji. Ikiwa asilimia 12 ya unga ni chumvi ya kawaida, lita hiyo ina gramu 0.12 za chumvi, ambazo ni milimoli 2. Chumvi ambayo jicho halikuiona ndani ya unga mweupe ilikuwa karibu sawa kwa idadi na ioni zote zilizoletwa na polima. Haishangazi kwamba minyororo ya B ilijikunja zaidi na kuonekana mifupi.

Lililofanya kazi na lililoshindikana

Sampuli iliyoharibiwa kwa makusudi ndiyo sehemu bora ya kazi yote, na ni bahati mbaya kwamba ilikuja mwisho. Kama ingepimwa siku ya kwanza katika maji matupu, mwanafunzi angegundua kwamba hawezi kutofautisha mnyororo mfupi na mnyororo mrefu wenye chumvi, na wiki kadhaa zingeokolewa. Kipimo cha upitishaji umeme nacho kilikuwa mezani muda wote. Kilichukua dakika mbili, na kilitumika kwa ajali.

Lililoshindikana zaidi, kwa maoni yangu, si kutojua kuhusu polima zenye chaji, jambo ambalo halifundishwi sana katika shahada ya kwanza. Ni namna dalili mbili zilizokuwa wazi, mteremko hasi na nukta iliyoporomoka, zilivyopewa maelezo mepesi kwa sababu jibu lililotoka lilikuwa jibu lililotarajiwa. Laiti fungu B lingeonekana kuwa na minyororo mirefu kuliko A, nina hakika kila mtu angerudi kukagua maji.

Mambo mengine yalikuwa madogo lakini si ya kupuuzwa. Mnato wa maji hubadilika kwa asilimia 2 hivi kwa kila digrii moja karibu na nyuzi 25, na kwa mmumunyo ambao ni mzito kuliko maji kwa asilimia 10 tu, digrii moja hula moja ya tano ya namba inayotafutwa. Beseni lilikuwa likidhibitiwa vizuri, na hilo lilisaidia. Mimumunyo miwili ya awali ilikaa siku nne bila jokofu na ikatupwa, kwa kuwa bakteria hupenda sukari kuliko watafiti. Kuchuja kabla ya kupima kulianza tu baada ya mrija kuziba.

Ripoti iliyopelekwa kwa ushirika ilisema kwamba, katika mwani uliopimwa, kuanika mchangani hakukufupisha minyororo ya karajinani kwa kiasi kinachoweza kupimika. Haikusema kwamba vichanja havina faida, kwa kuwa mchanga, rangi na unyevu ni mambo ambayo viskometa haiyaoni, na mnunuzi huyaona yote matatu kabla hajafungua gunia.